Katiba ya Mita Moja

Kodi ya majengo ilipoanza kukatwa kupitia LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, Agosti 2021, nyumba ya mama yangu pale Mburahati iliingia gizani ilhali karibu kila aliyelala ndani yake alikuwa na fedha ya umeme mfukoni. Ni nyumba ya Kiswahili kama zilivyo nyingi za Dar es Salaam: ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, na uani jiko, bafu, choo na karo la kufulia. Vyumba viwili tunakaa wenyewe, vinne vimepangishwa: fundi cherehani, nesi, kijana wa bodaboda na muuza samaki. Mita ni moja.

Nyumba ya kawaida ilipangiwa shilingi 1,000 kwa mwezi, na makato humkuta anayenunua umeme wa kwanza mwezi huo. Wanaofuata hawakatwi tena. Sisi tulikuwa tukinunua kwa hisani: leo wewe, kesho mimi, hakuna daftari. Hisani hiyo ilidumu miaka mingi, ikavunjika siku watu walipogundua kwamba wa kwanza analipa zaidi. Wapangaji walisema, na walisema kweli, kwamba kodi ya jengo ni ya mwenye jengo. Kwa hiyo tarehe moja ya Septemba ilipofika, kila mtu alimsubiri mwenzake.

Uniti zilikwisha saa mbili usiku. Fundi cherehani aliwasha tochi ya simu akaendelea kukunja pindo la suruali ya mteja. Nesi alikuwa zamu ya usiku. Kijana wa bodaboda alilala mapema. Mdogo wangu wa kiume, ambaye watoto wa kaka yetu humwita Baba Mdogo, alikaa barazani akitazama nani atakwenda kwa wakala. Hakuna aliyekwenda. Muuza samaki alikuwa amemaliza mtaji wote soko la Feri alfajiri ile, na mwezi uliotangulia ni yeye aliyekatwa. Aligonga mlango mmoja baada ya mwingine akiomba, akaambiwa subiri kidogo, fulani atanunua. Asubuhi barafu ya friza yake ilikuwa maji. Adhuhuri maji yale yalipita chini ya mlango hadi ukumbini, mekundu. Jioni ya pili tulitupa ndoo nzima ya vibua, waliolipiwa kwa fedha ya mchezo wa kupokezana aliokuwa ameupokea wiki ile.

Harufu ilikaa ukumbini kuliko nilivyodhani harufu inaweza kukaa. Maneno yakafuata. Fundi alimwambia muuza samaki kwamba friza yake ndiyo inayowamaliza wote. Naye alimjibu kwamba pasi ya fundi haizimwi toka asubuhi. Kijana aliambiwa habari ya sabufa yake. Mama yangu alisikiliza yote akiwa kwenye mkeka wake, kisha akaniambia, "Mpigie mjukuu wangu, yule wa Mlimani. Mwambie aje na vitabu vyake."

Hapa inanibidi nieleze habari za huyo mjukuu, kwa maana ndani ya ukoo wetu masomo yake yalikuwa kesi kabla ya kesi ya umeme. Alisoma HGL, yaani historia, jiografia na Kiingereza, kidato cha sita, akafaulu vizuri, akachagua shahada ya sayansi ya siasa na utawala wa umma katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ndicho Mlimani. Baba Mdogo alitaka asome sheria. Alisema mwanasheria ana joho na ofisi, lakini anayesomea siasa anasomea maneno, na maneno hata wasiosoma wanayo. Msibani na harusini watu walimwuliza binti atagombea jimbo gani. Naye alizoea kunyamaza, jambo lililoniuma mimi shangazi yake, kwa sababu nilikuwa nimeona anachokisoma.

Madesa yake ya masomo hujaa kitandani kwangu kila anapokuja. Nimemwona akipambana na Aristotle, aliyezigawa serikali kwa swali la wangapi wanatawala, mmoja, wachache au wengi, halafu akauliza swali zito zaidi: wanatawala kwa faida ya nani? Nimemwona na Montesquieu, ambaye mwaka 1748 alieleza kwa nini anayetunga sheria asiwe yule yule anayeitekeleza na kuhukumu. Nimemwona akikesha na takwimu, somo ambalo Baba Mdogo hakuamini kwamba lipo katika siasa. Mwaka wa kwanza hakupata chumba, akawa anabebana na mwenzake hosteli, wawili kitanda kimoja, na bumu, mkopo wa chuo, likichelewa alikuwa akija kwetu kuchukua mchele. Anayelala hivyo ili aelewe namna watu wanavyotawaliwa, mimi siwezi kusema anasomea maneno.

Kuna swali moja la semina alilolileta nyumbani ambalo sijalimaliza hadi leo. Tume ya Jaji Nyalali ilizunguka nchi nzima mwaka 1991 kuuliza kama Tanzania ibaki na chama kimoja. Karibu asilimia 80 ya waliotoa maoni walisema kibaki. Tume ikapendekeza vyama vingi, na 1992 sheria ikabadilishwa. Je, walio wengi walipuuzwa, au wale wachache walikuwa na haki ambayo haipigiwi kura? Binti alisema mwalimu hakuwapa jibu. Aliwataka waandike hoja za pande zote mbili kwa nguvu zile zile. Nilimhurumia kwanza, baadaye nikamwonea wivu. Mimi shuleni sikufundishwa kujenga vizuri hoja ya mtu nisiyekubaliana naye.

Na mlima wenyewe una historia ya kuchukulia mambo haya kwa uzito. Walter Rodney alifundisha pale, na kitabu chake kuhusu namna Ulaya ilivyoifukarisha Afrika kilitoka 1972 akiwa bado Dar es Salaam. Yoweri Museveni alisoma siasa pale hadi 1970. Issa Shivji alianza kuandika juu ya matabaka akiwa kijana pale pale. Watu hawa hawakukubaliana katika mengi, lakini wote walijua kwamba swali la nani anapata nini na nani anaamua si la kuachiwa wagombea peke yao.

Binti alifika Ijumaa jioni na begi la vitabu na kandambili. Alimwamkia Bibi, yaani mama yangu, akaitikiwa marahaba, akaonyeshwa doa la ukumbini. Hakutoa hotuba. Aliuliza kitu ambacho hakuna aliyekuwa amekiuliza katika ugomvi wote ule: nani anatumia kiasi gani?

Kwanza alitengeneza dodoso. Aliandika maswali saba kwenye karatasi akapita chumba hadi chumba. Majibu yalikuwa mabovu. Kijana alisema sabufa anaiwasha Jumapili tu, na nyumba nzima inajua si kweli. Fundi alisema pasi ni dakika chache. Baba Mdogo alisema yeye ana taa na simu, basi. Binti aliniambia usiku ule kwamba hilo nalo wanafundishwa: mtu akiulizwa jambo linaloweza kumgharimu, hujibu kama anavyotaka kuonekana, na mtafiti asimkasirikie, atafute njia nyingine ya kupima.

Njia nyingine ilikuwa mita yenyewe. Tulinunua umeme mimi na Bibi, makato tukayameza, na kwa siku kadhaa binti aliisoma mita asubuhi, mchana, jioni na usiku wa manane, akiandika nani yuko nyumbani na kipi kimewashwa. Chuoni alikuwa kwenye mapumziko mafupi, akayamalizia mbele ya ule ukuta. Akatueleza hesabu kwa lugha ya uani: pasi ya wati 1,000 ikiwaka saa nzima imekula uniti moja; taa ya wati 9 inahitaji zaidi ya saa 100 kula uniti hiyo hiyo. Friza iliyokuwa ikinyooshewa vidole ilikula uniti moja na ushee kwa siku, mchana na usiku. Pasi ya fundi ilizidi hapo. Sabufa, pamoja na kelele zake zote, ilikuwa kitu kidogo sana.

Lakini kila alfajiri, kati ya saa kumi na moja na saa kumi na mbili, mita iliruka. Binti alisimama ukumbini gizani siku mbili hadi akajua. Ilikuwa hita ya kuchovya kwenye ndoo, ya wati 2,000, nusu saa kila siku, uniti moja kamili kwa maji ya kuoga ya mtu mmoja. Ilikuwa chumbani kwa Baba Mdogo.

Nilimwona binti akihangaika namna ya kulisema. Huyu ni mdogo wa baba yake. Katika nyumba zetu mtoto hamwambii baba yake mdogo mbele ya wapangaji kwamba umeme wa alfajiri unakwenda kwake. Alimfuata chumbani, akapiga magoti, akamwonyesha karatasi. Sikusikia walichozungumza. Alipotoka alisema Baba Mdogo ameomba kikao kiwe cha familia tu, sisi wenye nyumba tuamue, wapangaji wataambiwa.

Kikao kilikuwa Jumapili baada ya alasiri, uani, na wapangaji walikuja kwa sababu Bibi aliwaita. Baba Mdogo alirudia hoja yake waziwazi: anayemiliki ndiye anayeamua, mpangaji akichoka, atahama. Fundi akainuka nusu kuondoka. Binti alisema kwa upole kwamba hoja hiyo nchi hii inaifahamu. Katika uchaguzi wa Tanganyika wa 1958 na 1959, mpiga kura alitakiwa awe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka, au elimu ya darasa la nane, au cheo kinachotambuliwa. Na aliyeruhusiwa alilazimika kuchagua watu watatu, Mwafrika, Mwasia na Mzungu. Chama cha TANU kilikaa Tabora Januari 1958 kikabishana kama kishiriki au kisusie, na wapo waliojitoa kwa uamuzi wa kushiriki, Zuberi Mtemvu akiwa mmoja wao.

Bibi alimkatisha. Mama yangu si msemaji, na wakati huo tayari alikuwa akitembelea fimbo, lakini aliinuka akasimama.

"Baba yangu alikuwa kuli bandarini," alisema. "Alikata kadi ya TANU, alikwenda Mnazi Mmoja kila Mwalimu Nyerere aliposimama. Siku ya kura hakupiga. Hana pauni, hana darasa la nane. Alikaa nyumbani siku nzima akitengeneza kiti ambacho hakikuwa kimevunjika. Katika nyumba yangu hakuna mtu atakayetumia umeme na kulipa umeme halafu akakosa neno."

Baba Mdogo aliinamisha kichwa. Hilo lilimaliza suala la nani anapiga kura: watu wazima wote tisa wanaolala humo. Binti mwenyewe alijitoa kwa kuwa makazi yake ni hosteli, akawa msimamizi.

Ikaja kodi. Hapa nilijua litakuwa gumu, maana sasa ilibidi mjukuu amwambie bibi yake. Alimwambia kwamba sheria inamtambua mmiliki kuwa mlipaji, na kukatwa kupitia mita hakumhamishii mpangaji mzigo huo. Bibi aliuliza, "Ndiyo kusema nilipe mimi?" Binti alisema, "Ndiyo, Bibi." Kukawa kimya. Kisha mama yangu akaanza kusimulia Oktoba 1966, wanafunzi wa chuo kikuu walipoandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, wengine wakibeba mabango ya kusema afadhali ukoloni. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao wanafunzi takriban 400, na papo hapo akatangaza kupunguza mishahara ya wakubwa serikalini, akianza na wake kwa asilimia 20. Azimio la Arusha lilifuata Februari 1967. Bibi alikumbuka watu wa mtaani walivyozungumzia ule mshahara kuliko wale wanafunzi. "Alianza na wake," alisema, akafungua fundo la khanga akatoa noti. Toka siku hiyo kodi ya jengo ni yake, na kila tarehe moja umeme wa kwanza ananunua yeye.

Uchaguzi wa mweka hazina tulidhani utakuwa dakika tano. Waligombea watatu: fundi, muuza samaki, kijana wa bodaboda. Karatasi zilikunjwa, zikahesabiwa juu ya sinia. Fundi kura nne, muuza samaki tatu, kijana mbili. Fundi akaanza kupongezwa. Muuza samaki akauliza, watano kati ya tisa hawakumtaka, ameshindaje?

Binti alifurahi kuulizwa, nilimwona usoni. Akaeleza kwamba taifa zima limewahi kulijibu swali hilo kwa njia mbili. Mwaka 1995 rais wa Tanzania alitakiwa kupata zaidi ya nusu ya kura. Mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2000 yakaruhusu ashinde anayewazidi wengine, hata kama hajafika nusu. Wakenya, katika Katiba yao ya 2010, wanadai zaidi ya nusu, na juu yake asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti, ili mtu asishinde kwa kwao peke yake. Kila kanuni ina gharama yake: ya kuwazidi wengine inaweza kumpa madaraka mtu anayekataliwa na wengi, ya kudai zaidi ya nusu inaweza kuwarudisha watu kituoni mara mbili. Nyumba ichague.

Tukachagua kurudia, wawili wa juu peke yao. Fundi kura tano, muuza samaki nne. Matokeo yalikuwa yale yale, mtu yule yule, na bado kila kitu kilikuwa tofauti, kwa sababu muuza samaki alimpa fundi mkono na siku zilizofuata hakuna aliyesikia neno la chini kwa chini. Mimi nililiona hilo kwa macho yangu, na natamani wote wanaosema uchaguzi ni nani kapata ngapi wangekuwa uani kwetu siku ile.

Lakini mkasa haukuisha. Wiki ya tatu fundi alikusanya michango, shilingi 20,000, akanunua kwa simu. Namba ya mita aliikosea. Ujumbe ulikuja na jina asilolijua, naye hakushtuka: mita yetu imeandikishwa kwa jina la marehemu baba yangu, na mpangaji hakuwahi kuambiwa marehemu aliitwaje. Akadhani ndiye. Akaingiza zile tarakimu 20 za tokeni, mita ikakataa. Akaziingiza tena. Mahali fulani mjini kulikuwa na nyumba iliyopata umeme wetu, na sisi tukarudi kwenye tochi za simu, na friza ikaanza kutoa jasho.

Kijana wa bodaboda alisema fundi amekula. Muuza samaki, aliyekuwa na haki kuliko wote ya kupiga kelele, ndiye aliyesema asikilizwe kwanza. Fundi alileta simu yake, ujumbe ukasomwa kwa sauti, tarakimu kwa tarakimu, na kosa likaonekana. Nesi alikwenda kununua umeme mwingine usiku ule ule bila kuuliza zamu ya nani. Vibua walipona.

Mwisho wa juma binti alirudi na habari za mwanamke aitwaye Elinor Ostrom. Alizaliwa Los Angeles mwaka 1933. Alipotaka kusoma uzamivu wa uchumi alikataliwa kwa kuwa sekondari hakusomeshwa hisabati za kutosha, akachukua sayansi ya siasa, na mwaka 2009 akawa mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi. Kabla yake wengi waliamini kwamba kitu cha wote lazima kiharibiwe na wote, kisipochukuliwa na serikali au kuuzwa kwa mtu mmoja. Ostrom aliwatazama watu wenyewe. Wavuvi wa Alanya, Uturuki, waliokuwa wakigombania sehemu nzuri za bahari, walijipangia: kila Septemba walipiga kura ya bahati kugawana sehemu, kisha kila siku kila mmoja alisogea sehemu moja upande wa mashariki hadi Januari, halafu walirudi upande wa magharibi hadi Mei. Kila mmoja aliifikia sehemu nono, na aliyeibiwa zamu yake ndiye aliyekuwa mlinzi wa kanuni, maana alikuwa pale pale baharini.

Muuza samaki alitaka asimuliwe mara ya pili. Na ni yeye, si binti, aliyependekeza marekebisho: anayeshika fedha asiwe anayesoma mita, namba ya mita ibandikwe ukutani pamoja na jina la marehemu, anayenunua asomewe namba na mtu wa pili kabla ya kutuma, mchango uende kwa vyombo, si kwa vichwa. Adhabu wakaipanga kwa ngazi: kosa la kwanza kuambiwa, la pili kufagia uani wiki nzima, la tatu faini. Nesi akapewa kusoma mita. Baba Mdogo akaombwa achague, hita na mchango wake, au mkaa. Alichagua hita na analipa, sijamsikia akilalamika.

Sitasema wasiwasi wa Baba Mdogo kuhusu ajira ya binti haukuwa na msingi. Nafasi za utumishi wa umma zinagombaniwa na wengi, na binti mwenyewe analifikiria hilo kuliko anavyoonyesha. Kuna kata na halmashauri, kuna utafiti, kuna ualimu, kuna diplomasia; hakuna mlango uliofunguliwa tayari. Nilichokataa ni ile hukumu kwamba somo lenyewe ni tupu.

Novemba ile, binti akiwa nyumbani na madesa ya mtihani, Baba Mdogo aligonga mlango wangu akiwa na bahasha. Alikuwa na kikoba na wenzake wa stendi, watu zaidi ya ishirini, na fedha za mwaka zilikuwa hazijulikani zilipo. Ndani ya bahasha kulikuwa na kurasa mbili za katiba yao, zimepigwa mhuri.

Binti alizisoma zote mbili taratibu, mbele na nyuma. "Baba Mdogo," aliuliza, "hapa sioni nani anakagua. Daftari anashika nani?"

"Mwenyekiti."

"Na sanduku?"

"Mwenyekiti huyo huyo."

"Mara ya mwisho mlimchagua lini?"

Baba Mdogo alivuta kigoda akakaa, akaomba apewe kalamu.